Jina Moja la Bonde

Bonde zima tuna anwani moja tu.
Nyumba sitini na tatu, minara ya mawe
ya mababu waliowindana kwa visasi,
na kwa walimwengu sisi ni namba moja,
tuliyoikodi Tbilisi kwa mchango wa lari nne kila mlango.
Guram wa hoteli hulipa baada ya kukumbushwa.

Ndani, kila jiko lina namba yake,
ya nyumbani, kama jina la utani:
haivuki daraja.
Ukitaka kusema na Athens, na benki, na daktari,
ombi lako hupanda hadi darini shuleni,
kwenye kisanduku kilichofungwa kwa waya wa zizi,
livuliwe jina lako, livikwe la bonde,
litoke.
Jibu likirudi, nani aliyeuliza?
Jedwali ndilo hukumbuka.

Mwalimu Nazibrola ndiye mtunza jedwali.
Miaka thelathini na mmoja alifundisha jiografia;
mimi alinipa sifuri
kwa kuumwaga mto Enguri katika bahari isiyo yake.
Ndiyo maana usiku ule wa Machi
yeye alishika kibodi, mimi tochi.

Simu zilikuwa zinagoma tangu adhuhuri.
Hapendi picha wala vitufe vya rangi.
"Kioo cheusi hakikupambi," alisema.
"Unauliza, kinajibu. Ukikosea herufi
kinakwambia umekosea,
kama nilivyokuwa nikikwambia wewe."

Akaandika neno, nafasi, kistari, herufi moja.
Mistari ikamwagika, gunia limechanika.
"Limejaa," akasema. "Pomoni."
Elfu kumi na sita na ushei, haingii hata mgeni mmoja;
na elfu kumi na moja kati yake zatoka nyumba ya tisa,
kwa Guram,
kwenye jokofu jipya la hotelini
linalobisha hodi dunia nzima usiku kucha
likitafuta sijui nini.
Jokofu!

"Futa yote," nikamwambia. "Amri moja,
tuanze upya, tukalale."
Kidole kilikuwa tayari hewani.
Kikabaki hewani.

Katikati ya makelele ya jokofu kulikuwa na mstari,
nyumba ya arobaini na moja, umeishi saa tano,
haubebi kitu: tone, kimya, tone.
Mimi ningeupita.
"Huyo Zaira," akasema chini chini.
Mwanawe yuko Gdansk, kiwanda cha samaki, zamu ya mchana.
Usiku hawaongei; ya kusema yaliisha tangu Krismasi.
Zaira huiegemeza simu kando ya tanuri
akaendelea na shughuli zake,
kijana alale akisikia kuni zikipasuka,
mfuniko, paka,
mama akimfokea paka.

Ukifuta yote, na tanuri umelizima.

Basi akaandika amri ndefu,
akaitaja nyumba ya tisa, akautaja mlango, akasema ondoa,
akaisoma mara mbili kwa sauti
kama mtu atiaye saini hati ya shamba,
akabonyeza.
Elfu kumi na moja zikaenda bila mlio.
Kisha kanuni: jokofu lisitoke tena nje ya bonde,
lipoze maziwa, kazi liliyonunuliwa.

Tukashuka ngazi. Kidato cha sita akasimama.
"Sijahifadhi."
Kanuni isiyohifadhiwa huishi umeme ukiwapo,
na umeme wetu unaujua.
Tukapanda tena, magoti yake yakilalama kwa Kisvani.

Akahifadhi. Akauuliza tena ule mstari mmoja.
Pembeni yake sekunde hurudi kinyumenyume;
zikifika sifuri pasi na tone, jedwali husahau.
Arobaini. Akauliza tena.
Thelathini na mbili.
Nikazima tochi, sijui kwa nini.
Kumi na tisa.
Nane.
Mia na themanini.

Kule Gdansk mtu amekohoa,
au huku paka ameangusha kijiko.
Jedwali halisemi.